Kusoma Shimo

Mwalimu wa sayansi ya udongo haingii shimoni akaanza kuandika. Kwanza huukwangua ukuta kwa kisu, kutoka juu kushuka chini, mpaka alama za sururu zitoweke. Kisha hutulia akitazama rangi inapobadilika. Shimo lenye kina cha mita 2 linaweza kumchukua asubuhi nzima, na hakuna dakika inayopotea.

Mimi huvutiwa zaidi na vidole vyake. Humega udongo kidogo, akatoa changarawe, akaulowesha na kuukanda, halafu akausukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada hadi utokeze utepe. Mchanga hukwaruza. Mfinyanzi hunata, na utepe wake huweza kupita sentimita 5 kabla ya kukatika. Maabara itatoa asilimia za mchanga na mfinyanzi baadaye, lakini vidole vilivyozoea huwa vimekwishakaribia jibu. Hufuata rangi: bonge dogo hulinganishwa na vipande vya rangi vya kitabu cha Munsell. Wekundu huonyesha madini ya chuma yaliyopata hewa. Mabaka ya kijivu na kutu husema kwamba maji hutuama hapo sehemu ya mwaka.

Kazi hii ina mizizi kwetu. Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alieleza mwaka 1935 dhana ya katena: udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni mfuatano mmoja, kwa sababu maji hutoa huku na kupeleka kule. Dhana hiyo iliyozaliwa kwenye miteremko ya Afrika Mashariki hufundishwa duniani kote. Wakulima wa Usukuma nao hutenganisha luseni wa kichanga ulio juu na mbuga nyeusi iliyo chini, na hupanga mazao kwa kufuata tofauti hiyo.

Udongo husomwa hivyo, kwa mikono na kwa mahali ulipo kwenye mteremko. Ndiyo maana namshauri kijana anayeomba shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro au ng'ambo, asiijaze barua yake mapenzi kwa mazingira. Alama zake tayari zimo kwenye vyeti. Aeleze shimo moja alilochimba: lilikuwa wapi kwenye mteremko, tabaka zilibadilikaje, na ni jambo gani alishindwa kulieleza. Profesa akisoma hayo atajua kwamba mwombaji ameshaanza kazi, na kwamba lile aliloshindwa kulieleza linaweza kuwa utafiti wao wa kwanza pamoja.