Kiungo si Somo: Uhakiki wa Matumizi ya Nyenzo za Mtandaoni katika Ufundishaji wa Hisabati jijini Kampala

Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo wa karibu miaka miwili, walimu wengi wa Kampala walizoea kutuma masomo kwa simu. Shule zilipofunguliwa, mazoea hayo yalibaki. Mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza au cha pili hutuma kiungo cha video ya Khan Academy, au faili la maswali ya mitihani iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Insha hii inahakiki mazoea hayo. Hoja yangu ni kwamba nyenzo zenyewe ni nzuri, ila namna zinavyotumiwa mara nyingi humtwika mwanafunzi kazi ya mwalimu.

Kwanza, tutazame lugha. Khan Academy ilianzishwa Marekani na Salman Khan mwaka 2008, na Hisabati yake inazungumza Kimarekani. Mteremko wa mstari, ambao vitabu vyetu huuita gradient, kwenye video huitwa slope. Huo ni ugumu mdogo. Ugumu mkubwa zaidi umo katika vifupisho. Mwanafunzi wa Uganda hufundishwa mpangilio wa matendo kwa kifupisho BODMAS, ambamo kugawanya kunatajwa kabla ya kuzidisha. Mmarekani hutumia PEMDAS, ambamo kuzidisha kunatajwa kwanza. Chukua 24 ÷ 4 × 3. Anayefuata herufi za BODMAS atapata 18. Anayefuata herufi za PEMDAS bila maelezo atazidisha 4 kwa 3 kwanza, kisha apate 2. Jibu sahihi ni 18, kwa kuwa kugawanya na kuzidisha vina hadhi sawa na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.

Hata hivyo, tusikimbilie kuilaumu PEMDAS, kwani BODMAS nayo ina mtego wake. Katika 10 − 4 + 3, anayeshikilia kwamba kujumlisha kunatangulia kutoa atapata 3, ilhali jibu ni 9. Mwalimu anayeandika vifupisho hivyo viwili ubaoni na kuuliza kwa nini vinapaswa kutoa jibu moja, ameigeuza tofauti ya lugha kuwa somo. Anayetuma kiungo na kunyamaza amemwachia mtoto wa miaka 13 mgongano asioweza kuusuluhisha peke yake.

Pili, kuna suala la mtaala. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala, ulianza mwaka 2020. Unamtaka mwanafunzi atumie maarifa katika hali halisi, na kazi za shuleni huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao mwaka 2024. Kwa hiyo maswali ya miaka ya nyuma, ambayo ndiyo mafaili yanayosambazwa kwa wingi, yalitungwa kwa ajili ya mtaala mwingine. Yanafaa kwa mazoezi ya kukokotoa, lakini hayamwandai mwanafunzi kwa swali linaloanza na tatizo la maisha.

Mfano wa asilimia unaonyesha kazi iliyobaki kwa mwalimu. Tuseme video inaeleza asilimia kwa punguzo la bei katika duka la Marekani. Mwalimu wa Kampala anaweza kuhamia kwenye pesa za simu, ambako ushuru wa kutoa fedha ni asilimia 0.5. Mzazi anayetoa shilingi 400,000 za karo hulipa ushuru wa shilingi 2,000. Je, akitoa mara nne, shilingi 100,000 kila mara, ushuru utapungua? Hapana, kwani ni 500 mara nne. Lakini ada ya kampuni ya simu hupangwa kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo yenyewe inaweza kubadilika. Hapo darasa linatofautisha uwiano na ngazi, na mtoto anarudi nyumbani na hesabu ambayo mama yake anaihitaji.

Tatu, ni gharama. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria inaisamehe data ya huduma za elimu, lakini mzazi anayenunua bando kibandani hana namna ya kuonyesha ni sehemu gani itatumika kwa Hisabati. Isitoshe, shule nyingi za bweni hukataza simu. Kundi la WhatsApp likiwa ndilo darasa, asiyekuwapo na lake halipo.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana muda wa kurekebisha kila video, na kwamba kiungo ni bora kuliko kutotuma kitu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayemdai video kumi. Video moja kwa wiki, aliyoitazama mwenyewe hadi mwisho, ikiambatana na maswali matatu ya mazingira yetu, inatosha. Programu ya Kolibri huhifadhi masomo ya aina hii kwenye kompyuta ya shule na kuyafungua bila intaneti. Vilevile GeoGebra ikishapakuliwa huchora grafu bila bando. Shule yenye kompyuta moja na projekta inaweza kulionyesha darasa zima, mwenye simu na asiye nayo.

Kwa kumalizia, mwalimu anayetumia nyenzo za mtandaoni apimwe kwa alichokifanya kati ya video na daftari la mwanafunzi, wala si kwa wingi wa viungo alivyotuma. Kiungo hukoleza mchuzi, lakini hakuna aliyewahi kushiba kwa kula viungo vitupu.