Kinga ya Mzee Moore

Januari 1970, katika majumba ya sinema ya Marekani, watu walilipa kiingilio kutazama pambano ambalo halikupata kupiganwa. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, alionekana ulingoni na Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa amenyang'anywa mkanda kwa kukataa kwenda Vietnam. Murray Woroner, mtayarishaji wa redio wa Miami, alikuwa amewaita wote wawili mwaka uliotangulia, akawapigisha raundi fupifupi za maigizo mbele ya kamera. Marciano alikuwa na miaka 45, amepunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Kisha kompyuta ikaulizwa mshindi ni nani. Ikajibu: Marciano, raundi ya 13. Ulaya lilionyeshwa toleo jingine, ambamo mshindi alikuwa Ali. Marciano mwenyewe hakuliona lolote kati ya hayo. Alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969, wiki chache tu baada ya kurekodi.

Mashine inayobadili kauli ikishavuka bahari haitushindi kitu sisi wabishi wa vijiweni. Ililishwa namba za kila bondia, ikazijumlisha, basi. Hata hivyo swali lenyewe silidharau. Ukiuliza nani angempiga nani kama wangekutana, unalazimika kutenganisha mambo mawili ambayo ushindi huyachanganya: kile bondia alichopewa na zama zake, na kile alichojifunza.

Zama hutoa mengi. Tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, Jack Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha Jess Willard, jitu la kilo zaidi ya 110, mara saba katika raundi ya kwanza. Itazame filamu yake. Willard anajiinua, goti halijaachana vizuri na sakafu, na Dempsey amekwisha simama juu yake anamtwanga tena. Sheria za siku zile ziliruhusu. Miaka minane baadaye, Chicago, aliyeangusha alitakiwa kwanza aende kwenye kona ya mbali ndipo mwamuzi aanze kuhesabu. Dempsey akachelewa kwenda, Gene Tunney akapata sekunde za ziada pale chini, akainuka na kushinda. Na huyo Willard alikuwa ameupata ubingwa Havana mwaka 1915 kwa kumwangusha Jack Johnson raundi ya 26, juani, katika pambano lililopangiwa raundi 45. Lingekuwa la raundi 12 kama ya leo, naamini Johnson angeondoka na mkanda wake.

Lakini wabishi wengi hawapendi habari za sheria, wanakimbilia mwili. Joe Louis, wanasema, alikuwa na kilo 90 hivi. Leo angepigana uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu. Tyson Fury ana mita 2.06, na Mei 2024 alipanda ulingoni na karibu kilo 119. Sasa hapo kuna la kujadili?

Lipo. Majitu hayakuanza jana. Primo Carnera alikuwa na kilo karibu sawa na hizo za Fury alipokutana na Louis mwaka 1935, na hakuvuka raundi ya sita. Buddy Baer, mrefu kama Willard, alimalizwa Januari 1942 katika raundi ya kwanza.

Nguvu peke yake haikutosha kufanya hivyo. Mwalimu wa Louis, Jack Blackburn, alikuwa bondia wa uzito mwepesi aliyezoea kupigana na watu wakubwa kuliko yeye, na kitu cha kwanza alichomfundisha kijana wake ni kusimama. Louis hakurukaruka. Aliteleza kwa hatua fupi, mguu mmoja ukiufuata mwingine bila kupishana, hivi kwamba popote alipofika alikuwa tayari kupiga. Ngumi zake zilisafiri umbali mdogo mno, na kila moja ilimwacha mahali ambapo inayofuata ingeanzia. Ndiyo maana zilitoka tatu, nne, tano, na mpinzani akaziona baada ya kufika. Kasoro ilikuwepo: akishapiga kushoto, mkono ulirudi chini kidogo. Max Schmeling aliigundua, akapitisha kulia kwake juu ya mkono ule usiku kucha hadi Louis akalala raundi ya 12, Juni 1936. Miaka miwili baadaye walirudiana, na Louis akamaliza kazi kwa sekunde 124.

Waliomtesa kweli walikuwa wenye miguu isiyotulia. Billy Conn, mwembamba kuliko yeye, alikuwa akielekea kumshinda mwaka 1941 mpaka alipojisahau raundi ya 13 na kusimama kupigana. Jersey Joe Walcott alimwangusha mara mbili mwaka 1947. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba Louis wa 1938 angewalaza wengi wa majitu ya leo, na kwamba Ali wa 1966, yule aliyemchezea Cleveland Williams kule Houston kabla miguu haijazeeka, angemshinda Louis kwa pointi. (Mtu akikutajia Ali, muulize kwanza wa mwaka gani. Vivyo hivyo Mike Tyson: yule wa 1986 aliyekuwa hatulizi kichwa na yule aliyepigwa Tokyo mwaka 1990 wametenganishwa na miaka isiyofika minne, na singewaweka katika orodha moja.)

Kilichobadilika baadaye ni kwamba majitu nayo yalikwenda shule. Lennox Lewis na Wladimir Klitschko walipita mikononi mwa Emanuel Steward wa Detroit, wakajua urefu ni wa kumweka mtu mbali kwa mkono wa kushoto, saa nzima ikibidi. Carnera hakuwa na elimu hiyo. Louis dhidi ya Lewis ni pambano ambalo nisingeweka fedha yangu kwa Louis.

Yote haya yangebaki porojo za kijiweni kama si George Foreman, kwani yeye alisafiri kweli kutoka zama moja hadi nyingine. Kinshasa, Oktoba 1974, alikuwa na miaka 25, na aliamini hakuna kinachohitajika zaidi ya kupiga kwa nguvu. Ali akaegemea kamba, akamwachia mikono na mbavu apige mpaka achoke, akamwangusha raundi ya nane. Kwenye kona ya Foreman usiku ule alikuwepo mzee Archie Moore, aliyewahi kumwangusha Marciano mwaka 1955 kabla ya kushindwa naye, na kupigwa na Ali kijana mwaka 1962. Moore alikuwa na kinga yake ya ajabu: mikono imepishanishwa mbele ya uso na kifua, ngumi za mpinzani zinaishia kwenye viwiko na mabega, naye kwa nyuma anachungulia kama mtu aliye dirishani.

Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akahubiri injili miaka kumi, akarudi mnene na kuchekwa. Kasi haikuwepo tena. Alichorudi nacho ni ile kinga ya Moore, kushoto kuzito kusiko na haraka, na uchoyo wa nguvu. Novemba 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45 na akivaa ile bukta ya Kinshasa, alikutana na bingwa Michael Moorer, mashoto wa miaka 26. Kwenye kona yake safari hii alikuwepo Angelo Dundee, yuleyule aliyekuwa upande wa Ali Kinshasa. Majaji wote watatu walikuwa na Moorer mbele. Foreman akaendelea kugonga kushoto, taratibu, akimzoesha kijana kusimama palepale, mpaka raundi ya kumi ilipotoka kulia moja fupi iliyofika kidevuni. Kijana wa 1974 asingeweza kupiga ngumi ile, maana asingeweza kuisubiri.

Tangu hapo sihitaji kompyuta. Oleksandr Usyk naye, aliyetoka uzito wa kruza, alimpiga Fury mara mbili Riyadh mwaka 2024 kwa hatua za pembeni na mahesabu, akiwa mwepesi kwa kilo karibu 18 katika lile la kwanza. Huyu ningempeleka mwaka wowote, hata kwa Louis, na ningempa Louis nafasi iwapo tu Usyk angesimama kama Conn. Marciano nampenda kwa moyo wake, lakini mikono yake ilikuwa mifupi mno. Ali angemchana uso kabla ya raundi ya 13. Asiyekubali akaitafute filamu ya Louis na Schmeling ya 1938, ni fupi kuliko raundi moja, na aitazame mara ya kwanza miguu peke yake. Kisha aje tubishane.