Santuri ya Kwanza na Uhakiki wa Wimbo wa Kiswahili

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuupokea wimbo wa dansi ukiwa umekwisha kunakiliwa karatasini. Hapo huhesabiwa mizani, hutafutwa vina, na visipopatikana kwa ukamilifu, wimbo huhukumiwa kuwa utungo hafifu wenye kurudiarudia maneno. Lakini mtu aulizwapo juu ya santuri ya kwanza aliyoimiliki, hatoi habari za karatasi. Huikumbuka rangi ya kibandiko cha katikati, mkwaruzo wa sindano na, zaidi ya yote, kuigeuza sahani. Kumbukumbu za namna hii huchukuliwa kuwa soga za wazee. Kwa hakika ni ushahidi juu ya fani.

Santuri ya inchi 7, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ilibeba dakika chache tu kila upande. Bendi nyingi za dansi za Afrika Mashariki na za Kongo hazikukubali kuufupisha wimbo. Ziliugawa, Sehemu ya Kwanza upande huu na Sehemu ya Pili upande ule. Mara nyingi kisa kilitangulia, kisha magitaa yakaachiwa uwanja upande wa pili. Kati ya kisa na mchezo palikuwa na kimya, nacho kilimalizwa na mkono wa msikilizaji mwenyewe. Aliyetaka kucheza aliweza kuanzia nyuma; aliyetaka kujifunza maneno aliirudisha sindano mwanzo mara kumi. Kiitikio kilichorejewa baada ya kimya hicho kilikuwa na kazi ya kuziunganisha pande mbili. Kukiita umaskini wa lugha ni kuupima mtumbwi kwa kipimo cha gari.

Hata mkwaruzo una nafasi yake. Mwenye santuri iliyoruka katika mshororo mmoja aliuimba wimbo pamoja na mruko huo, na kwake matini ilikuwa hiyo.

Tatizo hili halikuanza na dansi. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, taarabu iliyozoea kuendelea kwa kadiri ya hamu ya hadhira ilibidi itoshe katika dakika tatu hivi za santuri ya mizunguko 78. Wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert umesomwa sana kama kielelezo cha nathari; santuri zenyewe zimeshughulikiwa na wanahistoria zaidi kuliko na wahakiki wa fasihi. Ni ajabu kidogo kwamba msanii amesomwa kwa kalamu ya mwingine kuliko kwa sauti yake.

Mfano wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, unaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Katika miaka yake Redio Tanzania ilirekodi bendi kwenye utepe, ilhali santuri zilitolewa Nairobi, safari ambayo ilikuwa ngumu baada ya mpaka kufungwa mwaka 1977. Wimbo mmoja, kwa hiyo, uliweza kuwa na matini mbili: ule wa redio, usiokatwa popote, na ule wa santuri, wenye kimya katikati. Msikilizaji wa redio na mwenye santuri wanapobishana juu ya wimbo huo, huenda wote wawili wanasema kweli.

Nakala zilizotolewa baadaye kwenye kaseti na diski mara nyingine ziliziunga pande hizo mbili, na kiungo hakisikiki. Mhakiki anayesifu mtiririko wa wimbo kutokana na nakala kama hiyo huenda anamsifu fundi wa mitambo. Mhariri wa diwani ya nyimbo angepaswa basi kutaja ni chombo gani kilichosikilizwa, na kuweka alama mahali sahani ilipogeuzwa, kama vile anavyoiweka mwishoni mwa ubeti.