"Malaika" si wimbo wa harusi

Hapa Gongoni, Tabora, ni nadra harusi kuisha bila "Malaika" kupigwa. MC akiutangaza tu, simu zote juu. Lakini jamani, maneno yake tunayasikia kweli? Anayeimba ni kijana anayempenda msichana na kushindwa kumwoa kwa kuwa hana mali. Harusi yenyewe haikufanyika!

Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndiye anayejulikana zaidi kama mwenyewe. Adam Salim naye alidai aliutunga mwaka 1945, na jina la Lucas Tututu hutajwa pia. Hata "'O sole mio", wimbo wa Napoli wa 1898, ulisubiri hadi 2002 mahakama ya Torino ilipomtambua Alfredo Mazzucchi kuwa mtunzi mwenza wa Eduardo di Capua. Tofauti ni kwamba wenzetu walipata hukumu, sisi tumebaki na ubishi.

Ubishi huo umetufanya tusahau kuusikiliza wimbo. Miriam Makeba, aliyeurekodi na Harry Belafonte mwaka 1965, anauimba kama anayembembeleza mtoto. Sauti ni tamu mno, ila ule ukata ndani yake umefifia. Boney M. mwaka 1981 waliugeuza burudani tu. Angélique Kidjo naye akauimba mwaka 1991. Kwangu mimi, Fadhili bado hajafikiwa. Gitaa lake ni jepesi, sauti hailii. Anaitaja aibu yake kama mtu anayemweleza rafiki shida zake, na hapo ndipo unapoumia.

Pengine nauelewa hivi kwa sababu ya mji wenyewe. Vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi kadhaa kwa miguu, na wengi walitegemea ujira huo kupata mahari. Leo mizigo ni mingine, lakini kijana wa bodaboda anayehesabu pesa za posa anaimba wimbo uleule. Ndiyo maana haujazeeka, wala si kwa sababu Wazungu waliupenda.

Sisemi MC aache kuupiga. Ila utafute ule wa Fadhili, uusikilize peke yako mara moja, kabla hujaucheza tena. Halafu niambieni, nyie mnaona nani kauimba vizuri zaidi?