Fuata Waya: Namna ya Kuipima Kazi ya Kufunga Kamera ya Gari

Ukitaka kujua kama kamera ya gari imefungwa vizuri, usianze na picha. Picha za kamera mpya karibu zote hupendeza siku ya kwanza, hata za ile ya bei ya chini kabisa dukani. Anza na umeme: unatoka wapi, unapita wapi, unakatika lini. Kamera yenyewe ni kifaa kidogo, lakini kuifunga ni kazi ya fundi umeme, na kazi ya fundi umeme hupimwa kwa yale yaliyofichwa nyuma ya kava.

Hapa Majengo, Moshi, mafundi umeme wa magari hawakosekani, na magari wanayoletewa yanafanana: IST, Spacio, Noah, RAV4, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kuja kwetu. Ndilo gari la kupeleka watoto shule, la kwenda kazini, la msibani, na mwezi wa Desemba ndilo linalopanda Marangu, Rombo au Machame watu wakienda kuhesabiwa. Njiani kuna bodaboda wanaochomoka upande wowote, kuna malori ya kwenda Himo na Holili, kuna matuta, kisha lami inaisha na vumbi linaanza. Wengi huikumbuka kamera baada ya kugongwa, aliyewagonga alipogeuza maneno mbele ya trafiki. Sababu hiyo inatosha kabisa. Ila kamera iliyofungwa ovyo inaweza kukulaza njiani kwa betri kuisha, au kukuchomea waya, kabla haijakusaidia hata siku moja.

Njia nyepesi ya kuipa kamera umeme ni kuichomeka kwenye tundu la sigara. Siidharau njia hii. Kwenye Toyota nyingi tundu hilo huzimika ukichomoa ufunguo, kwa hiyo betri inabaki salama, na chaja nzuri inashusha volti 12 za gari kuwa 5 bila kelele. Udhaifu wake ni sisi wenyewe. Gari la familia lina simu tatu au nne, na zote zinataka chaji. Mtoto anachomoa kamera anachomeka simu, anashuka shuleni, na mnaendelea na safari kamera ikiwa imezimika bila mtu kujua. Kwenye barabara mbovu chaja nayo hulegea taratibu. Iwe ya kuanzia tu, au ya mtu anayeazima gari.

Njia mbaya, ambayo bado naiona mitaani, ni kuchuna waya wa redio au wa taa ya ndani, kuusokota na waya wa kamera, kisha kuzungushia tepu nyeusi. Jua la Januari na Februari la hapa Moshi hulainisha gundi ya tepu hiyo mpaka ikafunguka yenyewe. Lakini hatari kubwa zaidi ni fyuzi. Ukidandia sakiti inayolindwa na fyuzi ya ampea 15 au 20, fyuzi hiyo iliwekwa kwa ajili ya waya mnene wa kiwandani. Waya mwembamba wa kamera ukipata shoti unaweza kuungua kabla fyuzi haijashtuka. Fundi akikuambia "hapa pana umeme, inatosha", mshukuru, kisha muulize fyuzi ya kamera iko wapi. Akikosa cha kukuonyesha, mwambie asiendelee.

Njia nzuri ni tapu ya fyuzi, kile kipande kinachoingia mahali pa fyuzi ya zamani kikabeba fyuzi mbili: moja ya sakiti ya mwanzo, nyingine ya kamera peke yake. Ya kamera iwe ndogo, ampea 2 au 3, isizidi 5. Tapu zina maumbo tofauti kulingana na fyuzi za gari, na fundi makini hulinganisha kwanza badala ya kuilazimisha. Akishaipata, huchagua sakiti ya vitu vya starehe inayozimika na ufunguo, mara nyingi ile iliyoandikwa CIG au ACC kwenye mchoro wa kifuniko cha boksi. Hagusi fyuzi ya mifuko ya hewa, ya breki za ABS wala ya kompyuta ya injini. Hilo halina mjadala.

Nilisimama karibu na fundi mmoja wa hapa Majengo akifunga kamera kwenye IST ya mama mmoja. Kabla hajafungua chochote aliuliza, "Mama, gari hili huwa linalala siku ngapi bila kuwashwa?"

"Wiki nyingine toka Jumatatu mpaka Ijumaa, mwanangu. Napanda bajaji."

"Basi ulinzi wa maegesho, ule wa kamera kurekodi gari likiwa limeegeshwa, tusiuweke. Njano na nyekundu zote nazipeleka ACC."

Kisha akachomoa fyuzi, akafungua ufunguo, akagusa matundu mawili ya fyuzi kwa tesa, moja moja. Taa ya tesa iliwaka kwenye tundu la juu tu. Akaigeuza tapu ili mguu unaolisha kamera ukae upande huo wenye umeme, ndipo akaisukuma ndani. Wengi hupachika vyovyote, na kamera inawaka vilevile. Tofauti ni kwamba ikikaa kinyume, umeme wa kamera unapita kwanza kwenye fyuzi ya sakiti ya zamani, na mzigo wa sakiti mbili unabebwa na fyuzi moja. Kile kitendo cha kugusa matundu mawili hakichukui hata dakika moja, na kwangu ndicho kipimo cha kwanza cha fundi.

Kipimo cha pili ni yale maneno yake ya njano na nyekundu. Konveta ya kushusha volti inayouzwa pamoja na kamera huwa na nyaya tatu: nyeusi ni ya bodi, nyekundu ni ya ACC, njano ni ya umeme wa kudumu wa betri. Wengi hudhani kwamba ukiiacha njano hewani umezima ulinzi wa maegesho. Kwenye konveta nyingi umeme wenyewe huingia kwa njano, na nyekundu kazi yake ni kuipa kamera habari kwamba ufunguo umefunguliwa. Ukiiacha njano, kamera haiwaki. Anayeijua kazi huziweka zote mbili kwenye ACC.

Waya mweusi haupewi heshima yake. Ufungwe kwa kichwa cha pete chini ya bolti iliyoshika chuma cha bodi, rangi ikwanguliwe kama ipo. Bolti inayoshika plastiki haifai. Kamera inayozimika na kuwaka yenyewe kila gari linapopita tuta mara nyingi ina ugonjwa huu.

Sasa ufuate waya unaopanda. Kutoka boksi la fyuzi hupita kwenye nguzo ya pembeni ya kioo, hujificha kwenye ukingo wa dari, hutokeza karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Tazama kava la nguzo hiyo: kama limeandikwa SRS, ndani kuna mfuko wa hewa wa pazia. Waya lazima upite nyuma ya mfuko, ushikizwe kwenye nyaya za kiwandani, usikatize mbele yake, maana mfuko ukifyatuka utaurusha waya ndani ya gari. Fundi anayesukumiza waya kwa bisibisi pembeni ya kava bila kulifungua amekwepa dakika kumi za kazi kwa gharama ya shingo ya abiria. Kava likirudishwa, klipu zake zote zirudi. Ligonge kwa kidole, na likitetemeka kuna klipu imevunjika.

Kamera ya nyuma ina mtihani wake. Kwenye IST na Noah waya wake unapaswa kupita ndani ya mpira wa buti, pamoja na nyaya za taa. Ukipitishwa nje ya mpira, mlango utaubana kila siku, na masika maji yatafuata njia hiyo hiyo.

Sasa betri, ambako ndiko malalamiko mengi huanzia. Chukua kamera inayotumia ampea 0.3 gari likiwa limeegeshwa. Kwa saa 24 imekula ampea-saa 7.2, na kwa siku tatu ni 21.6. Betri ya ampea-saa 45, hata ikiwa mpya na imejaa, imebaki kama nusu. Betri ya miaka mitatu huenda isizungushe stata, na kama gari limelala Kibosho au Marangu kwenye baridi ya Julai, mambo ni mabaya zaidi. Kwa mita, betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, 12.2 ni karibu nusu, na 11.8 imekwisha. Injini ikiunguruma, alternata huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Konveta nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua ni volti ngapi ikate. Ukiikuta kwenye 11.8, ipandishe iwe 12.2 au 12.4. Na umwombe fundi apime betri kabla na baada ya kazi, mbele yako.

Jaribio jingine ni la redio. Gari likiwa linaunguruma, tafuta stesheni inayoshika kwa shida, kisha chomoa na uchomeke kamera. Mkwaruzo ukija na kamera, konveta ni duni. Ibadilishwe kabla hujalipa.

Mahali pa kubandika kamera nitapataja kwa ufupi. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, ikae nyuma ya kioo cha kutazamia, kidogo upande wa kushoto, ndani ya eneo linalofagiwa na waipa, mbali na stika za Nenda kwa Usalama. Kioo kisafishwe kwa spiriti na kikauke kabla ya gundi. Kile kitambaa cheupe au manyoya ya kupambia dashibodi yaondolewe, maana mchana yanaakisi kwenye kioo na kufunika nusu ya barabara kwenye picha.

Joto ndilo linaloua kamera hapa kwetu. Dashibodi ya gari lililoanikwa juani inaweza kupita nyuzi 70, na kamera yenye betri ya lithiamu ndani yake huvimba. Nunua yenye kapasita. Dalili za betri iliyokufa ni mbili: kava la kamera limebenuka, au saa inarudi mwanzo kila unapowasha gari.

Saa yenyewe inahitaji jicho. Magari mengine hufika yakiwa na kamera ya Kijapani tayari, menyu zote za Kijapani, na saa ya kule. Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili. Kwa hiyo ikiwa saa moja asubuhi kwetu, kamera hiyo inaweza kuonyesha 1:00, na mwenye gari huridhika kwamba iko sawa. Haiko sawa. Ile ni saa saba mchana ya Japani, na kuanzia saa kumi na mbili jioni yetu tarehe yake imeshaingia kesho. Ajali ya Jumamosi usiku itasomeka ya Jumapili. Irekebishwe iwe GMT+3, na kama haikubali, iondolewe.

Kadi isiwe ya kuokoteza. Tafuta iliyoandikwa Endurance, iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Kamera inayorekodi megabiti 15 kwa sekunde hujaza GB 64 kwa saa 9 hivi, kisha huanza kufuta za zamani. Kadi bandia huandikwa GB 128 na kubeba sehemu ndogo tu ya hizo. Programu za H2testw au F3 huijaza yote na kuisoma tena, nazo zitakuambia ukweli. Halafu kuna matuta. Kamera hulifunga faili lisifutwe ikihisi mtikisiko, na kwa barabara zetu kila tuta na kila shimo la kupanda Uru linahesabiwa ajali. Mafaili yaliyofungwa yakijaza kadi, kamera nyingine huacha kurekodi kimya kimya. Hisi ya mtikisiko iwekwe chini kabisa, na kadi ifomatiwe kila mwezi.

Siku ya ajali ikifika, toa kadi uihifadhi kama ilivyo. Usikate video, usiongeze maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama itazame kama ushahidi wa kielektroniki ulitengenezwa na kutunzwa kwa namna ya kuaminika. Wala usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyeumia ana utu wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika tangu Mei 2023.

Kuhusu ulinzi wa maegesho, hukumu yangu iko wazi. Unamfaa anayeegesha barabarani kila usiku na kuendesha kila siku. Kwa gari la familia linalolala ndani ya geti Majengo, usiufunge. Fyuzi moja ndogo ya ACC, bolti moja safi ya bodi na waya uliopita nyuma ya mfuko wa hewa vinatosha, na kabla hujatoa pesa mwambie fundi akufungulie boksi la fyuzi na kava la nguzo uvione kwa macho yako.