Kahawia, Nyeusi, Nyekundu

Resista ya kawaida haizidi ukubwa wa kucha, na mwilini mwake imezungushiwa pete za rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu: hiyo ni omu 1,000. Pete ya tatu ikiwa ya chungwa badala ya nyekundu, omu zimeshakuwa 10,000, na saketi itakwenda kombo. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne, hivyo hivyo mpaka nyeupe, ambayo ni tisa. Katika chuo cha Barefoot kilichoko Kinyasini, kaskazini Unguja, kina mama ambao wengi wao hawakupata shule ya kutosha huingia katika ufundi wa sola kwa mlango huu wa rangi. Wala si mlango wa kuonewa huruma. Mhandisi mwenye shahada naye husoma pete zilezile kwa mpangilio uleule. Na mwanamke aliyekua akisuka mikeka kwa ukili uliotiwa rangi, akihesabu miyaa asikosee, ana jicho lililokwisha kufanya mazoezi ya miaka mingi.

Kisha huja kulehemu, na hapa ndipo ninapotamani kila mtu angekaa akatazama. Anayeanza huyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma cha moto, halafu huidondosha juu ya kiungo. Sivyo. Ncha inapaswa kugusa kwa pamoja mguu wa resista na shaba ya bodi, vyote viwili vipate moto; ndipo waya wa risasi unapoguswa kwenye kiungo chenyewe, nao huyeyuka ukatambaa mpaka umeuzunguka mguu wote. Waya huondolewa kwanza, chuma baadaye, na mkono usitikisike mpaka risasi igande. Yote haya ni sekunde chache tu. Ukizidisha moto, shaba inabanduka kwenye bodi. Ukipunguza, risasi inabaki donge lililokaa juu bila kushika. Kiungo kizuri hung'aa na kuteremka taratibu hadi kwenye bodi; kibaya hufifia, na hatari yake ni kwamba kinaweza kufanya kazi leo kikaachia mwezi ujao, taa ikiwa imeshatundikwa darini kwa mtu. Kwa hiyo fundi hujifunza kukikataa kiungo ambacho mwingine angekipitisha. Mimi huo ndio uhodari ninaoustahi kuliko wote, kuikataa kazi yako mwenyewe kabla haijakataliwa na mwenye nyumba.

Mafunzo haya yalitoka Tilonia, Rajasthan, nchini India, ambako Bunker Roy alianzisha Chuo cha Barefoot mwaka 1972. Wanawake wa nchi mbalimbali walikaa huko miezi sita, wengi bila lugha ya pamoja, wakifundishwa kwa ishara, kwa rangi na kwa kurudia. Filamu ya Solar Mamas ya mwaka 2012 ilimfuata mmoja wao, mwanamke wa Kibedui kutoka Jordan. Roy alipendelea kina bibi, na sababu yake ni ya mtu aliyevitazama vijiji kwa muda mrefu: kijana akishapata cheti hukimbilia mjini, bibi hubaki.

Kubaki huko nakuthamini sana, kwa kuwa kwa mwanamke wa kijijini kwetu njia ya mshahara mara nyingi imekuwa kuondoka. Wangapi kutoka Afrika Mashariki wako Riyadh na Jeddah sasa hivi, wakipika na kulea katika nyumba za watu? Miji hiyo yenyewe ina historia yake ya jua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiasi cha kilomita 50 kutoka Riyadh, karibu na Al-Uyaynah, Saudi Arabia na Marekani zilijenga kituo cha kilowati 350 kwa ajili ya vijiji vya jirani, chenye lenzi za kukusanya mwanga na mitambo ya kulifuata jua. Leo kusini mwa Jeddah, huko Al Shuaibah, umeme wa jua umepita megawati 2,000. Ni kazi kubwa, nami naisifu. Lakini umeme mkubwa humfikia aliye karibu na nguzo, na hata yeye hana hakika: waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kijiji kisicho na nguzo kinahitaji fundi anayeweza kuitwa jioni ileile taa ilipozimika.

Juu ya paa ufundi una mambo yake. Zanzibar iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo, kiasi cha mvua kuisafisha vumbi. Kivuli cha kuti moja la mnazi si jambo dogo, maana seli zimeunganishwa mfululizo. Chache zikifunikwa, umeme wa zote hushuka. Chumvi ya bahari hula vichwa vya betri, basi husuguliwa na kupakwa grisi. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7, ikifika 11.8 imekwisha, na anayezoea kuikausha ataizika mapema. Nyumba huchangia kila mwezi fedha ambazo zamani zingekwenda kwenye mafuta ya taa, na humo ndimo fundi anamopata ujira wake.

Baadhi ya waliofundisha Kinyasini ni wanawake wa visiwani waliosomea Tilonia. Somo walilolipokea kwa ishara wamelitoa kwa Kiswahili, na hilo limebadili darasa, kwa sababu mwanafunzi sasa anaweza kuuliza kwa nini, akajibiwa mpaka aridhike: kwa nini daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na kwa nini, isipokuwepo, betri iliyojazwa mchana kutwa huanza kuurudisha umeme kwenye paneli jua likishatua.