Nani Aliamua Hivi? Namna ya Kupima Ubora wa Mchezo wa Video Zama za Akili Mnemba

Desemba 2025, mchezo wa Kifaransa uitwao Clair Obscur: Expedition 33 ulizoa tuzo tisa kwenye The Game Awards, idadi ambayo hakuna mchezo uliowahi kuifikia katika sherehe hizo. Siku chache baadaye waandaaji wa Indie Game Awards waliupa tuzo mbili, kisha wakazichukua tena. Mchezo ulipotoka Aprili mwaka huo, ndani yake zilikuwa zimesahaulika picha chache zilizozalishwa na akili mnemba, zimebandikwa penye matangazo katika mji wa mwanzo. Studio ya Sandfall ya Montpellier ilieleza kuwa zilikuwa za kushikilia nafasi tu, na kwamba iliziondoa ndani ya siku tano. Haikusaidia. Kanuni ya tuzo ilikataza kabisa matumizi ya akili mnemba, na wakati wa kujiandikisha studio ilikuwa imesema haikutumia kitu cha namna hiyo.

Waandaaji walikuwa na haki. Aliyekubali sharti hulitimiza. Lakini kanuni ya mashindano ni jambo moja na ubora wa mchezo ni jambo jingine, na tangu siku ile naona wachezaji wengi wakivichanganya. Wanapekua kila mchezo mpya wakitafuta alama ya mashine, wakiikosa wanatulia, wakiipata wanautupa. Mimi nauliza swali jingine: kitu hiki ninachokiona, kukisikia na kukigusa, nani aliamua kiwe hivi, na ukimuuliza kwa nini, ana jibu? Mchezo bora ni ule ambao jibu lipo hata pale usipotazamia. Wapo watu wanaotengeneza michezo ya hovyo kwa mikono yao wenyewe, na swali hili huwaumbua vilevile.

Anza na vidole vyako. Dukani macho ndiyo yanayovutwa kwanza, ila mchezo ni kitu cha kushikwa, na ubora wake wa awali uko katika muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe na kuona jambo likitendeka. Chukua Celeste ya mwaka 2018, mchezo wa binti anayepanda mlima. Mkimbize hadi ukingoni mwa jabali, kisha chelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kuruka, mguu uwe umeshatoka kwenye mwamba. Ataruka tu. Mchezo umekupa sehemu ndogo mno ya sekunde usiyostahili. Akiruka na kichwa kikagonga pembe ya mwamba, mchezo unamsogeza kando kidogo apite. Maddy Thorson, aliyeongoza kazi hiyo, amewahi kuzitaja hadharani huruma hizi moja moja. Mchezaji hazioni. Anachohisi ni kwamba mlima ni mgumu lakini haumwonei. Mtu alikaa, akacheza, akaanguka, akarudia, akajua ni wapi ugumu unageuka kuwa uonevu, akaweka namba pale.

Basi fanya jaribio hilo katika kila mchezo wa kuruka na kukimbia unaotaka kuununua: kimbia, chelewa makusudi, ruka. Vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya PS hulifanya bila kufundishwa. Dakika chache za pedi mkononi zinawatosha kusema mchezo ni mzito au mwepesi, na mara nyingi wako sahihi kuliko wahakiki.

Kisha mtazame adui kabla hajakupiga. Cuphead, iliyotoka mwaka 2017, ni kazi ya ndugu wawili wa Canada, Chad na Jared Moldenhauer, pamoja na timu yao. Kila fremu ya wahusika ilichorwa kwa penseli, ikapitishwa wino kwa mkono, na mandhari zikapakwa rangi za maji, kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930. Katuni zinakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde huku mchezo wenyewe ukienda kwa 60, ili uzee wa mchoro usikucheleweshee vidole. Tazama jitu moja tu: kabla ya pigo linajikunja, linavuta pumzi, uso unabadilika. Hapo unapata onyo na tabia yake kwa pamoja. Mashine zinaweza kuzalisha picha tulivu inayopendeza. Pumzi ile ya kabla ya pigo inadai mtu anayejua pigo litakuja lini na mchezaji atahitaji nafasi kiasi gani kulikwepa.

Kwenye picha, acha kuhesabu vidole. Najua kishawishi kinatoka wapi. Desemba 2024, Call of Duty: Black Ops 6 ilionyesha kwenye skrini ya kusubiri Baba Krismasi aliyegeuka zombi, na mkono wake ukaonekana kuwa na vidole sita. Miezi michache baadaye, ukurasa wa mchezo huo kwenye duka la Steam ukaongezewa tamko kwamba watengenezaji hutumia akili mnemba kutengeneza baadhi ya vitu vilivyomo. Lakini vidole ni kosa dogo ambalo mashine zinazidi kulirekebisha. Tafuta sababu za vitu. Mwanga unatoka wapi? Kamba ile inayoning'inia imefungwa kwenye nini? Anayeishi kwenye nyumba hii analala wapi, anapikia wapi? Mchoraji mzuri wa michezo hujenga chumba akijua nani alikitumia jana. Picha isiyo na mwamuzi hujaza tu: vyungu vingi visivyo na jiko, ngazi inayoishia ukutani. Mnunuzi mzoefu wa nguo huigeuza ndani nje atazame mishono. Nawe nenda kwenye kona ambayo hukutumwa, utazame mapipa na mabango.

Bango moja linafundisha zaidi ya hotuba. Novemba 2021 michezo mitatu ya zamani ya Grand Theft Auto ilitolewa upya, na programu zilitumika kuzikuza na kuzisafisha picha zake. Katika toleo la awali kulikuwa na duka la donati liitwalo Tuff Nut, na juu yake nati kubwa ya chuma yenye pande sita, mzaha wa mchoraji kuhusu jina la duka. Katika ulainishaji ule pande sita zikapotea, nati ikawa duara. Mzaha ukafa kwa kuwa kazi ilipita bila mtu kuuliza kwa nini kitu kile kina pembe. Wachezaji waliligundua upesi, nami nawapenda kwa hilo: baada ya miaka mingi walikuwa bado wanakumbuka umbo la nati moja.

Kuna mkanganyiko mmoja niuondoe haraka. Michezo imekuwa ikijipanga yenyewe kwa kanuni tangu zamani. Rogue ya mwaka 1980 ilibadilisha mapango yake kila ulipoanza upya, na No Man's Sky ya mwaka 2016 ina sayari zaidi ya 18 ikifuatiwa na sifuri 18. Huko watu waliandika kanuni, na anayezilaumu au kuzisifu ana mtu wa kumkabili. Mashine iliyolishwa michoro ya maelfu ya watu, wengi wao bila kuombwa ruhusa, ni jambo tofauti kabisa. Mtu akikuambia ni yaleyale, usimkubalie.

Sauti ndiko ninakokuwa mkali zaidi. Mwaka 2025 studio ya Embark ya Stockholm ilitoa ARC Raiders, mchezo uliofanikiwa sana, ambao baadhi ya maneno ya wahusika wake yalisomwa na programu iliyofundishwa kwa sauti za waigizaji waliokubali na kulipwa. Eurogamer iliupa nyota mbili kati ya tano, na sauti hizo zilikuwa sehemu kubwa ya hoja yake. Idhini na malipo si jambo dogo. Waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA cha Marekani waliyagomea makampuni makubwa ya michezo tangu Julai 2024 hadi Juni 2025, na kiini cha mgomo kilikuwa hichohicho: sauti ya mtu isinakiliwe bila yeye kuridhia na kupata chake. Lakini haki ya mwigizaji na ubora wa kazi vina mizani mbili. Mchezo unaweza kushinda kwenye ya kwanza ukaanguka kwenye ya pili, na ARC Raiders, pamoja na mapambano yake ya kusisimua, unaanguka hapo.

Sikiliza hivi. Mhusika akitoka mbioni, je, maneno yanatoka na pumzi iliyokatika? Akijibu, anajibu alichoambiwa, au anasoma sentensi iliyokuwa inamsubiri? Neno lilelile akilisema mara ya tatu, limebeba kuchoka, au ni nakala? Jennifer English, aliyempa sauti Maelle katika Expedition 33 na kushinda tuzo ya uigizaji ya The Game Awards, anafaa kusikilizwa kwa masikio hayo: mahali anaposita pana maana sawa na anaposema. Linganisha na Darth Vader aliyetiwa kwenye Fortnite Mei 2025, akizungumza na wachezaji kwa akili mnemba iliyoiga sauti ya James Earl Jones, mwigizaji wake wa filamu, aliyefariki Septemba 2024. Familia iliridhia. Muda mfupi baada ya kuzinduliwa, wachezaji walishamfanya atukane, na kampuni ikalazimika kurekebisha. Jones alimfanya Vader atishe kwa kupima kila neno. Mashine ilipewa koo lake. Hekima ya kunyamaza haikupewa.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna mchezo ambao nauweka mezani kila mjadala huu unapoanza. Tales of Kenzera: ZAU ulitoka Aprili 2024, ukiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na unaweza kuucheza ukisikiliza sauti za Kiswahili. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Hadithi ilizaliwa na msiba wa Salim mwenyewe, aliyempoteza baba. Zau huvaa barakoa mbili, ya Jua na ya Mwezi, na kila moja ina namna yake ya kupigana. Mchezo una kasoro zake: mapambano yanajirudia, na safari ni fupi. Lakini kila pembe ina mwenyewe. Unaweza kuuliza kwa nini Kalunga anazungumza kwa upole wa mzee badala ya kunguruma, na jibu lipo ndani ya msiba ule. Mwaka huohuo studio iliyoutengeneza ililazimika kupunguza wafanyakazi. Kazi ya namna hii haijihakikishii riziki, na wanunuzi ndio wanaoamua kama itafuata nyingine.

Maandishi yana ushahidi wa wazi zaidi. Juni 2025 wachezaji wa The Alters, mchezo wa studio ya 11 bit ya Poland, walikuta kwenye skrini moja ndani ya mchezo maneno ya mashine ikimjibu aliyeituma, kwamba haya hapa maandishi yaliyorekebishwa. Na katika tafsiri ya Kireno cha Brazil wakakuta mashine ikitangaza kuwa imeshatafsiri. Mchezo wenyewe ni mzuri na umefikiriwa, ndiyo maana doa lile lilionekana. Mashine haikuwa kosa kubwa kama lile la kwamba hakuna aliyeisoma sentensi ile kabla yetu. Kwa hiyo soma maandishi ya pembeni: barua zilizoachwa mezani, maelezo ya silaha, maneno ya muuza duka. Angalia watu wanavyosalimiana, kama mdogo anamheshimu mkubwa kwa namna ya nchi ile, kama wahusika wawili wanaweza kutofautishwa ukifuta majina yao. Disco Elysium ya mwaka 2019 ina maneno zaidi ya milioni moja, na hata tai ya shingoni ya mpelelezi ina namna yake ya kusema.

Mwisho soma tamko na majina. Tangu Januari 2024 Steam inawataka watengenezaji waeleze kama mchezo una vitu vilivyozalishwa na akili mnemba. Tim Sweeney wa Epic, kampuni ya Fortnite, alisema mwaka 2025 kwamba alama hiyo haina maana madukani kwa sababu karibu kila mchezo utaitumia teknolojia hiyo. Simkubali. Jambo likienea ndipo mnunuzi anapohitaji kuambiwa zaidi. Na majina yanayopita mwishoni mwa mchezo yasome hadi chini, kwa kuwa wapo ambao hawaandikwi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kupitia maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Nao ni sehemu ya gharama ya kazi ya mashine inayoonekana kupatikana bure.

Wa simu nao wasisahauliwe, maana ndio wengi kwetu. Picha za matangazo kwenye duka la programu za simu zipuuze kabisa. Tafuta video ya mtu anayecheza, uone kama mchezo unafanana na tangazo lake.

Na ukinunua Steam, una siku 14 za kudai fedha zako iwapo hujacheza kufikia saa mbili. Muda huo unatosha kuruka ukingoni, kumtazama adui akivuta pumzi, kwenda kwenye kona usiyotumwa na kusoma barua moja iliyoachwa mezani. Usipomkuta mtu popote hapo, rudisha mchezo na udai chako.